Maneno Yaliyostaafishwa

11 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaamkia ili tusipoteze wino. Huku hatujambo, na wewe najua hujambo, maana ungekuwa unaumwa ungeshatangaza. Mwandiko huu usikutishe. Tangu kile kiharusi mkono wa kulia unajifanya mgeni hapa nyumbani, kwa hiyo naandika na wa kushoto, ambao haukuwahi kupelekwa shule.

Mkazamjomba wako amenunua jiko la gesi. Analiwasha akiwa amesimama mlangoni, mwili wote nje, mkono tu ndani, kisha anaingia kwa madaha kana kwamba hakuogopa. Jirani amepaka ukuta wake rangi ya machungwa, na sasa jua likipiga, sebule yetu nzima inaonekana ina homa. Mkazamjomba wako anasema amekukumbuka sana.

Sasa jambo lenyewe. Mahakama imeniandikia. Mwezi wa sita wataniita kwenye usaili, waone kama mkalimani wao bado anafaa. Nikifaulu nitarudi kazini. Nikishindwa watanistaafisha kwa ugonjwa. Kiswahili kimerudi, kama unavyoona, na matusi yake yote. Kiingereza ndicho hakipo. Zaidi ya miaka thelathini nimekitumia kila siku ya kazi, na leo nikikiita hakiitiki. Wiki iliyopita nilishika kijiko nikajiuliza kwa Kiingereza kinaitwaje. Nikakaa nacho mpaka chai ikapoa, na mkazamjomba wako akaninyang'anya akakiosha. Limebaki neno moja tu, "adjourned", lile la hakimu anapoahirisha kesi. Huwezi kumkalimania mshtakiwa kwa neno hilo moja, ingawa wengi wao lingewafurahisha.

Wewe unafanya kazi na watu wa kamusi. Nisaidie. Ila simu usipige. Kwenye simu ulimi wangu unajua unasubiriwa, na ukisubiriwa haufiki.

Mjomba wako

*

1 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo, hata kama ulishaitikia. Mimi mzima. Ofisi yetu bado iko ghorofa ya tatu juu ya duka la rangi, na wakianza kuchanganya rangi zao sote tunaumwa kichwa kwa pamoja, mkuu wetu anafungua mlango wa ngazi na kutuambia tuhesabu hayo kuwa mapumziko. Nimehamia chumba kingine. Kabati lake halifungi, ila mwenye nyumba hafungi mdomo pia, kwa hiyo vinalingana.

Niliposoma habari ya kijiko nililia. Halafu nikacheka kwa kunyang'anywa, halafu nikalia tena. Mwenzangu wa meza ya pili akaniletea maji bila kuuliza kitu.

Nikwambie kazi niliyopewa mwaka huu. Tunachapa upya kamusi ndogo ya Kiingereza, na ili maneno mapya yapate nafasi, ya zamani yanatolewa. Mimi nasoma prufu, kurasa za majaribio kabla ya kuchapa, na kuhakikisha yaliyotolewa yametoka kweli, hakuna lililojificha kwenye ukurasa mwingine. Kutwa nzima yanapita mbele yangu maneno ambayo watu wameacha kuyatamka kwa mamia ya miaka, na kila moja lina kisa chake. Nikakumbuka jinsi ulivyonifundisha nilipoletwa kwenu, mama alipofariki. Hukunipa maneno matupu. Ulinipa kisa kwanza, na kisa kikishaingia, neno linafuata lenyewe. Basi na tufanye hivyohivyo.

La kwanza ni "lady". Hili halijatolewa, naanza nalo kwa ajili ya mkazamjomba. Leo ni bibi wa heshima, lakini zamani za kale lilikuwa maneno mawili yaliyoungana, mkate na mkandaji. Lady ni mkanda unga. Na "lord", bwana mkubwa, alikuwa mlinzi wa mkate, maana yake hakandi chochote, anakaa tu kuuangalia.

La pili ni "overmorrow". Waingereza nao walikuwa na keshokutwa yao, neno moja kama letu, wakaliacha. Siku hizi wanasema siku inayofuata baada ya kesho, wanazunguka mtaa mzima kufika kwa jirani wa ukuta mmoja.

Pale hospitali daktari aliniambia kwamba ukifanya mazoezi Kiingereza kitarudi chote. Kwa hiyo fanya mazoezi.

Na kitu kimoja. Kila barua anayenikumbuka ni mkazamjomba. Wewe je?

Kasuku wako

*

24 Machi

Kasuku,

Barua imefika na salamu zimefika. Huku mvua, na koti langu jeusi la mahakamani limeota ukungu mabegani. Mkazamjomba wako amelianika, na kila anayepita anauliza nani amefariki.

Yamekaa! Lady ameingia na hajatoka. Nikimwita mkazamjomba wako lady anataka kujua huo unga uko wapi, na nilipomweleza kwamba mimi ni mlinzi wa mkate akasema hilo alilijua tangu tulipooana. Overmorrow nilienda nalo kulala nikiwa na hofu litatoroka, na asubuhi nikalikuta mdomoni kabla ya mswaki. Kasuku, hujui furaha yake. Nimezunguka nyumba nzima nikilisema. Nimeliambia jiko la gesi.

Na haya unayosema yametolewa kwenye kamusi, yanawatumikia watu miaka yote hiyo halafu yanaondolewa bila hata kiinua mgongo? Mimi nimeyafungulia mlango. Yaje kwangu, vyumba viko vitupu. Leta mengine.

Swali lako la mwisho nimeliona. Karatasi imekwisha.

Mjomba wako

*

13 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Karatasi haikuwa imekwisha. Nusu ya ukurasa ilikuwa nyeupe, nimeipima kwa rula ya ofisi. Mimi sijambo, isipokuwa mwenye nyumba ameamua tuwe marafiki na ananisomea gazeti kupitia mlango.

Nilipokuwa mdogo ulinipeleka mahakamani siku moja shule ilipofungwa. Nilikaa benchi la nyuma. Mzee mmoja kizimbani akazungumza kwa sauti ndogo, halafu wewe ukasimama na kusema kwa Kiingereza, wazi kabisa, "Mimi ndiye niliyempiga jirani kwa chepe." Nililia mpaka karani akanitoa nje. Ukaja kunieleza kwamba mkalimani hasemi "anasema alimpiga". Mkalimani anavaa mdomo wa mwenzake na kusema mimi. Nadhani umewasemea watu wengi mno, Mjomba. Ndiyo maana ukifika kwako karatasi inakwisha.

Haya, maneno. "Ereyesterday" ni juzi yao, nayo wameitupa. "Sennight" ni wiki, siku saba walizokuwa wakizihesabu kwa usiku. Na hili nimekuwekea makusudi: "eme". Sisi tuna mjomba na tuna baba mdogo, na hakuna anayewachanganya. Waingereza wa kale nao walitofautisha. Eme alikuwa ndugu wa mama, na ndugu wa baba alikuwa na jina lake. Halafu likaja neno kutoka kwa Wafaransa likawafagia wote wawili wakawa mtu mmoja. Kwa hiyo wewe ni eme wangu.

La mwisho halijafa, bado wanalitumia, ila kisa chake kizuri. "Eavesdrop", kusikiliza ya watu kwa siri. Mwanzoni ni maji ya mvua yanayodondoka kwenye ukingo wa paa. Anayetaka kusikia ya ndani husimama palepale ukutani, yanapodondokea maji, na ndipo jina likamwangukia.

Kasuku

*

2 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku salama. Ukuta wa jirani umeanza kubanduka rangi, namshukuru Mungu.

Eme limenikaa moyoni. Nimelisema mbele ya kioo nikiwa nimevaa koti. Juzi yao na wiki yao nazo zimekaa. Sasa mkazamjomba wako akiniuliza lini nilikunywa dawa namjibu kwa neno la wafu, naye ananijibu kwa kunipa dawa upya, basi nimeacha.

Lile la maji ya paa sikulipenda. Nalirudisha. Usiniulize kwa nini.

Usaili ni tarehe kumi na mbili Juni. Mkono umeanza kushika kalamu, na ulimi umepata ujasiri. Nimejipa moyo kweli, Kasuku. Najiona nimesimama pale pembeni ya kizimba, mahali pangu, hakimu anageuka upande wangu na kungoja. Nilidhani ninachotamani ni kazi. Kumbe ni ile nafasi ya kusimama.

Mkazamjomba wako anasema anaogopa.

Mjomba wako

*

27 Mei

Mjomba, shikamoo, naandika haraka.

Nilikuwa nasoma prufu leo nikashtuka. Kila neno nililokupa ni la zamani, isipokuwa mawili. Nilichagua yenye visa kwa sababu ndiyo yanayokaa, sikufikiri mbele. Tafadhali, kabla ya tarehe kumi na mbili, pitia na ya kawaida. Dirisha, mlango, kisu, alisema, alikwenda. Hata kama hayana hadithi. Mwombe mkazamjomba akusomee kwenye kile kitabu changu cha darasa la nne, kiko kwenye sanduku la bati. Nimekulisha chumvi bila chakula.

Niandikie mara tu ukitoka huko.

Kasuku

*

15 Julai

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ni wiki nyingi sasa hujaniandikia. Nilivunja amri yako nikapiga simu, na mkazamjomba akapokea. Alinieleza yote kwa kunong'ona akiwa bafuni. Kwamba walikupa maelezo ya shahidi ukayakalimani, ukamaliza, na wao wakatazamana. Kwamba barua yangu ya onyo imefika baada ya usaili. Kwamba umestaafishwa. Kwamba unashinda umekaa uani na hutaki hata gazeti.

Ni mimi niliyekuaibisha. Ulikuja kwangu mikono mitupu nikakujaza Kiingereza cha makaburini. Mtu ambaye majaji walikuwa wakimwomba kwa jina lake! Nikikufikiria umesimama pale ukitamka neno nililokupa kwa mzaha, na wao wakikutazama, nataka kujificha chini ya meza hii.

Na kuna jambo jingine, siwezi tena kulibeba. Daktari hakusema vile nilivyokuandikia. Siku ile hospitali alinisimamisha kwenye korido akaniambia lugha ya nyumbani itarudi, lakini ile ya kazini tusiitegemee. Mimi nikaingia ndani nikakwambia kitarudi chote. Nilikuona umelala pale umegeukia ukuta, sikuweza kukupa habari ile. Kisha nikasafiri, na kila barua nikaongeza uongo juu ya uongo.

Maneno sitaleta tena. Yamekuharibia vya kutosha. Nisamehe, Mjomba.

Kasuku

*

6 Agosti

Kasuku wangu,

Marahaba, na ufute machozi kabla wino haujachuruzika, nimekujua tangu meno ya utoto. Huku wazima. Jiko la gesi limezoeleka, sasa mkazamjomba wako analiwasha huku akiimba. Nimeanza kula mezani tena.

Kwanza niandike nilivyoona mimi, maana habari za bafuni hazikukufikia zote. Walikuwa watatu, hakimu, msajili, na karani aliyecheza shahidi. Karani akasoma kwa Kiswahili, "Juzi mjomba wangu alikuja kwangu, akasema atarudi keshokutwa, lakini ikapita wiki nzima." Kasuku, nilitaka kuruka! Kana kwamba wewe ndiye uliyetunga mtihani. Nikasimama sawasawa, nikakohoa, nikawapa. Ereyesterday, eme, overmorrow, sennight, yote mahali pake, viungo vya katikati nikavikwepa kwa ishara za mkono. Nilikuwa na furaha, nakwambia ukweli, furaha ya siku nyingi. Msajili akauliza kwa upole, "Mzee, hiyo ni lugha gani?" Nikamjibu, "Kiingereza, mheshimiwa. Cha zamani kidogo." Hakimu akacheka, si kwa ubaya, akafuta macho, akasema hakuwahi kusikia vile maishani mwake. Nilikalimani kila kitu. Tatizo ni kwamba wa kunielewa walishakufa.

Kisha karani akasoma sentensi ya pili, "Mtu huyo aliingia kwa dirisha." Nikalitafuta dirisha. Nililiangalia lile la pale chumbani, lenye pazia la bluu, nimelifunga mwenyewe mara nyingi mvua ikinyesha. Halikuja. Hapo nikajua imekwisha, na wao wakajua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kushusha macho.

Hakimu akafunga faili. Akasema kwa Kiswahili, "Na wewe mwenyewe, una la kusema?"

Nikageuka kutazama kizimbani, Kasuku. Nikamngoja mtu aseme ili nimkalimani. Kizimba kilikuwa kitupu. Ilinichukua muda kufahamu kwamba anayeulizwa ni mimi. Katika miaka yote hiyo sikuwahi kuulizwa mle ndani, na kama niliulizwa sikusikia.

Nikasema, "Mheshimiwa, mimi sitaki kwenda nyumbani. Mimi naogopa." Nilijisikia nikisema mimi, na hakukuwa na mtu mwingine ndani yake. Hakimu akashuka kule juu alikokaa, akaja kunishika mkono, ule mbovu. Tukakaa hivyo. Halafu nikaenda nyumbani, na ni kweli nilivyoogopa, kukaa uani bila kazi ni kubaya kama nilivyodhani.

Sasa kuhusu daktari. Kitanda changu kilikuwa kile cha mlangoni, umesahau? Nilisikia kila alichokwambia. Ndiyo maana nilikurudishia lile neno la maji ya paa, lilinipata wazi mno. Nilijua tangu siku ile. Ukaingia na uongo wako, macho mekundu, umejipaka tabasamu, nikaona kwamba kati yetu wawili anayehitaji matumaini ni wewe. Ulikuwa unakwenda mbali peke yako. Nikasema acha nimpe kazi ya kufanya, anitengeneze. Kwa hiyo usiniombe msamaha, tulidanganyana sawa kwa sawa. Kosa langu ni kwamba katikati hapo, karibu na eme, nikaanza kuamini kweli. Hilo ndilo lililoniuma, wala si wewe, wala si wao.

Mkazamjomba wako ametoka kununua sabuni, kwa hiyo leo hasemi kitu. Anayekukumbuka ni mimi. Mimi ndiye niliyekukumbuka barua zote zile. Nimekukumbuka mpaka nalifungua kabati lako lenye daftari za shule na kulifunga tena. Ukipata likizo, njoo. Huna haja ya kuja kuniuguza. Mimi nataka kukuona.

Ila hili la kusema hutaleta tena maneno, silikubali. Yale ya kwanza niliyataka ili yanirudishe mahakamani. Sasa sina mahakama, sina usaili, hakuna wa kumkalimania. Hayanisaidii kitu chochote duniani, Kasuku, na ndiyo maana nayataka. Anza na dirisha. Lilinikataa mbele za watu, na bado nalitaka. Lazima lina kisa.

Mjomba wako